Sura ya Saba: Anaona Vizuri, Lakini Ni Mgonjwa

Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, wasomaji wa historia wanaijua kwa mambo mawili. La kwanza ni ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuzikwa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. La pili ni kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, waliopewa hifadhi pale miaka ya 1960. Madaktari wa macho wanaijua kwa jambo la tatu. Watafiti walizunguka vijiji sita vya wilaya hiyo wakiwapima watu wa miaka 40 na kuendelea, zaidi ya 3,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: katika kila watu 100, wanne walikuwa na glakoma, ugonjwa ambao mitaani tunauita presha ya macho.

Wanne katika mia si wengi mpaka uanze kuhesabu watu unaowajua. Msikiti au kanisa lenye waumini 200 waliovuka miaka 40 lina wanane. Na usifikirie wanane hao wameketi barazani na fimbo nyeupe. Mwenye glakoma ya mwanzo, hata ya kati, analima, anashona, anaendesha baiskeli, anasoma gazeti. Ukimuuliza habari za macho atakujibu nzuri, na hasemi uongo.

Duniani kote, mwaka 2020 wagonjwa walikadiriwa kufikia milioni 76. Miongoni mwa magonjwa yanayopofusha moja kwa moja, bila njia ya kurudisha uoni, hakuna unaoufikia huu kwa wingi. Hata katika nchi tajiri, ambako watu hupima macho kila wanapobadilisha miwani, karibu nusu ya wenye glakoma hawajijui. Kwetu hali ni mbaya kuliko hiyo, na watu weusi huugua mapema zaidi na kwa ukali zaidi kuliko watu wenye asili ya Ulaya.

Tuanze na maji. Nyuma ya kioo cha mbele cha jicho kuna maji safi yanayotengenezwa mchana na usiku. Si machozi, machozi yako nje na hayahusiki kabisa na habari hii. Maji haya hutoka kwenye tishu iliyojificha nyuma ya ule mduara wenye rangi, hupenya katikati ya mboni, kisha huondoka kupitia kichujio chembamba kilichoko kwenye pembe, pale mduara unapokutana na ukuta wa jicho. Chukua sinki la jikoni ambalo bomba lake halifungwi hata siku moja. Maadamu tundu la chini linapitisha kiasi kilekile kinachoingia, hakuna shida. Kichujio kikianza kuziba, maji yanabanana na presha ndani ya jicho inapanda.

Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Haina uhusiano wa moja kwa moja na presha ya damu, na vidonge vya presha ya damu si tiba yake. Nalisema mapema kwa sababu wapo wagonjwa walioacha matone ya macho wakiamini kwamba kidonge cha asubuhi kinatibu presha zote mbili.

Inayoumia ni neva ya jicho, ile inayopeleka picha kwenye ubongo. Ina nyuzi zaidi ya milioni moja, na zote hutokea jichoni kupitia sehemu moja ndogo ya mviringo huko nyuma. Presha inabana hapo. Nyuzi zinakufa kidogo kidogo kwa miaka, na iliyokufa haifufuki. Katikati ya mviringo huo kuna kijishimo ambacho wataalamu hukiita kikombe, na kadiri nyuzi zinavyokufa ndivyo kikombe kinavyopanuka. Daktari akiandika 0.3, kikombe kimechukua sehemu tatu kati ya kumi za upana wa mviringo, jambo la kawaida. Akiandika 0.8, ana wasiwasi. Anaweza kukosea, maana wapo watu, na miongoni mwa Waafrika ni wengi, waliozaliwa na mviringo mkubwa na kikombe kikubwa wakiwa wazima kabisa. Ndiyo maana daktari mzuri hatoi hukumu kwa namba moja.

Hata presha yenyewe haitoshi kutoa hukumu. Kuna watu wenye 25 ambao neva zao hazijaguswa, na wapo wenye 17 ambao neva zao zinaliwa. Kambi za afya zinazopuliza upepo kwenye jicho, kusoma namba na kumruhusu mtu aende zake zinafanya nusu ya kazi. Hiyo nusu ya pili, yaani kutazama neva, ndiyo yenye jibu.

Sasa kwa nini mgonjwa hajui? Kwa sababu kinachokwenda kwanza ni pembeni, na ubongo hauachi pengo wazi. Haumwonyeshi mtu doa jeusi. Unalijaza pengo kwa kile kilicho jirani, ukuta kwa ukuta, majani kwa majani. Jicho moja nalo huficha upungufu wa mwenzake. Katikati, tunapotumia kusomea na kutambua sura, hubaki salama mpaka karibu na mwisho. Mashine ya kupima upeo wa kuona ikija kuonyesha kasoro ya kwanza, huenda theluthi nzima ya nyuzi imeshakufa.

Dalili zipo, ila hazifanani na dalili za macho. Mtu anaanza kukosa ngazi ya mwisho. Anamwaga chai kwa kugonga kikombe kilichokuwa pembeni ya sahani. Bodaboda zinamtokea ghafla. Anampita shemeji yake njiani bila salamu, na kwenye ukoo inasemwa siku hizi ana maringo.

Tuseme sasa ni mzee wa miaka 58, mwalimu mstaafu, amefika kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa. Muuguzi anamwamkia, "Shikamoo mzee, macho yanasumbua nini?" Naye anajibu, "Marahaba mwanangu. Hayasumbui, nataka miwani ya kusomea tu." Anasimamishwa mbele ya ubao wa herufi na kusoma mstari wa chini kabisa bila kukwama. Katika sehemu nyingi safari yake ingeishia hapo: angepewa miwani, angeshukuru, na angerudi baada ya miaka sita akishikwa mkono.

Akibahatika, hapewi miwani kwanza. Anawekewa tone la ganzi na kuketishwa kwenye darubini ya macho. Kifaa kidogo chenye mwanga wa buluu kinagusa kioo cha jicho kwa sekunde chache kupima presha. Haumii. Kisha daktari anatumia lenzi yenye vioo kuchungulia ile pembe, kuona kama iko wazi au imejifunga, kwa kuwa matibabu hutofautiana. Baada ya hapo ndipo mboni inapanuliwa kwa matone na neva inatazamwa. Akitoka nje jua litamchoma macho na maandishi ya karibu yatakuwa ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiende na gari lake.

Kipimo kinacholalamikiwa kuliko vyote ni cha upeo wa kuona. Unaegemeza kidevu mbele ya bakuli kubwa jeupe, jicho moja limezibwa, jingine linakazia nukta ya katikati. Vijimwanga vinawaka huku na huku, na kila unapokiona kimoja unabonyeza kitufe. Ukikaa hapo dakika tano unahisi unafeli mtihani, mwanga hauji, unabonyeza kwa kubahatisha, unalaumu uzee. Hakuna anayekuambia kwamba mashine imepangwa hivyo. Inatafuta mwanga hafifu kabisa unaoweza kuuona, na ili kuupata ni lazima ishuke chini ya hapo, hivyo hata mwenye macho mazima hukosa karibu nusu ya vijimwanga hivyo. Usibahatishe. Bonyeza unapoona, tulia usipoona, na kope zikichoka shikilia kitufe; mashine nyingi husimama zikusubiri.

Glakoma inayopatikana zaidi kwetu ni ya pembe wazi, hiyo ya polepole isiyouma. Ile ya pembe iliyojifunga inaweza kulipuka usiku mmoja: jicho linauma vibaya, linakuwa jekundu, kichwa kinagonga upande huo, taa zinazungukwa na pete za rangi, na mgonjwa anatapika. Wapo waliotibiwa malaria au vidonda vya tumbo kwa sababu ya matapishi hayo huku jicho likiharibika. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Hailali.

Kuna aina nyingine mbili ambazo sitaki zipite hivihivi, kwa sababu zinawapata watoto. Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa na njia ya maji isiyokamilika. Ukuta wa jicho lake bado ni laini, kwa hiyo jicho linavimba, na majirani wanamsifu mama kwamba mwanawe ana macho makubwa mazuri. Kama macho hayo yanatoa machozi muda wote, yanakimbia mwanga, au kioo cha mbele kimeanza kuwa cha maziwa, mpelekeni kwa daktari bingwa wiki hiyohiyo. Matibabu yake ni upasuaji, na kila mwezi unaopita una gharama.

Aina ya pili tunaitengeneza wenyewe. Watoto wengi wa shule wana mzio wa macho: yanawasha, yanakuwa mekundu na ya kahawia, wanayafikicha mchana kutwa. Mzazi ananunua matone, kuwasha kunakoma ndani ya siku mbili, chupa ikiisha anatuma nyingine. Mengi ya matone hayo yana steroidi, kama deksamethasoni, na steroidi zikitumika kwa miezi hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu. Kijana anafika kidato cha pili uoni umeshaharibika, na chanzo ni chupa iliyokuwa ikinunuliwa kwa upendo. Soma lebo. Kama neno linaishia na "-sone" au "-solone", usirudie kununua kabla jicho halijapimwa presha.

Tuje kwenye tiba. Hapa ndipo shida kubwa ilipo, na sidhani kama ni shida ya dawa.

Kwenye wodi moja ya macho utakuta wagonjwa wawili wamelala vitanda jirani. Mmoja ana mtoto wa jicho. Anapasuliwa leo, kesho asubuhi anafunguliwa bandeji na anamwona mjukuu wake. Anarudi kijijini akiwa tangazo linalotembea. Wa pili ana glakoma. Anapasuliwa na daktari yuleyule kwa ustadi uleule, na akifunguliwa bandeji anaona vilevile kama jana, pengine kwa ukungu zaidi kwa wiki kadhaa. Upasuaji wake umefanikiwa kabisa. Lengo lilikuwa kuokoa kilichobaki, na kilichobaki kimeokolewa. Lakini atarudi kijijini kusema nini? Na kama alifika amechelewa, akapofuka miaka miwili baadaye, kijiji kizima kitasema alipofushwa na kisu. Hatuwezi kuwalaumu watu kwa kukimbia tiba isiyoonyesha matokeo kama hakuna aliyekaa nao dakika kumi kuwaeleza inafanya nini.

Inachofanya ni kushusha presha, basi. Hakuna njia nyingine iliyothibitishwa. Utafiti wa Malmö, Sweden, uliotoa matokeo yake mwaka 2002 na 2003, ulionyesha kwamba kila milimita moja inayoshushwa hupunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa takribani asilimia 10. Kushuka milimita tano au sita, kwa hiyo, si jambo dogo.

Njia iliyozoeleka ni matone. Timololi, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa kawaida huwekwa asubuhi na jioni. Mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole amwambie daktari kabla ya kuigusa, kwa sababu tone la jicho huingia kwenye damu na linaweza kumbana mtu kifua. Latanoprosti, iliyokuja 1996, huwekwa mara moja usiku. Chupa yake isiyofunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji, jambo ambalo si kila duka la dawa la mjini huliheshimu, achilia mbali la kijijini. Zote hutumika maisha yote. Chupa ikiisha tarehe 20 na mshahara ukiwa tarehe 30, siku kumi za katikati jicho liko peke yake.

Namna ya kuweka ina maana kuliko watu wanavyodhani. Nawa mikono. Inua kichwa, vuta kope ya chini iwe mfuko, dondosha tone moja tu. La pili litatiririka shavuni na fedha yako nalo. Funga jicho bila kulikaza, kisha bana kwa kidole ile kona ya puani kwa dakika mbili, dawa isishuke kooni. Kama una dawa ya pili, subiri dakika tano. Chupa nyingi hazifai tena wiki nne baada ya kufunguliwa, kwa hiyo andika tarehe kwenye lebo.

Kila Ramadhani wapo wanaoacha matone mwezi mzima kwa hofu ya kufunguza. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kinachowekwa jichoni hakifunguzi. Ambaye moyo wake bado una wasiwasi aongee na shekhe wake na daktari wake, na aweke dawa baada ya futari na wakati wa daku. Mwezi bila dawa ni mrefu mno kwa neva inayobanwa.

Kuhusu bangi, maana swali hili haliishi: ni kweli hushusha presha ya jicho, kwa saa tatu au nne. Ili imtibu mtu ingebidi awe amelewa usiku na mchana. Asali, majani na vingine vinavyomiminwa jichoni havifiki hata kwenye ile pembe. Vinaunguza kioo cha mbele tu.

Njia ya pili ni leza. Mgonjwa anaketi kwenye darubini, anawekewa ganzi na lenzi, na mianga mifupi inarushwa kwenye kichujio ili kipitishe maji vizuri zaidi. Ni dakika chache, hakuna kidonda, na jioni anakula nyumbani kwake. Haimfai kila mtu, mwenye pembe iliyojifunga kwa mfano, na nguvu yake hufifia baada ya miaka, ingawa inaweza kurudiwa.

Kwa muda mrefu leza hii ilionekana kuwa ya baadaye, matone yakishindwa. Uingereza walijaribu kuanza nayo, na matokeo ya mwaka 2019 yakaonyesha kwamba baada ya miaka mitatu karibu robo tatu ya waliopigwa leza hawakuhitaji tone lolote. Mwaka 2022 miongozo yao ikabadilishwa. Sisi tuna ushahidi wetu, tena kutoka Moshi. Katika hospitali ya KCMC, wagonjwa zaidi ya 200 wenye glakoma ya pembe wazi, wakiwemo wenye hali mbaya, waligawanywa: wengine timololi, wengine leza. Utafiti huo ulichapishwa 2021. Baada ya mwaka mmoja presha ilikuwa imefika inapotakiwa katika asilimia 61 ya macho ya leza, na asilimia 31 tu ya macho ya matone.

Kwangu mimi takwimu hizo zinamaliza ubishi. Mgonjwa wa Same au Kitui, anayepanda basi kufuata chupa kila mwezi, ndiye anayehitaji leza kabla ya mtu wa London. Mashine ni ghali na hupatikana katika hospitali chache, lakini wizara inayohesabu gharama ya chupa 12 kwa mwaka, kwa kila mgonjwa, kwa miaka 20, itaona ghali ni ipi.

Njia ya tatu ni upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji chini ya kope ya juu, ulioelezwa na daktari John Cairns mwaka 1968 na ambao bado ndio nguzo kwa walioendelea sana. Adui yake ni kovu, kwani mwili hujaribu kuziba kilichofunguliwa, na kwa Waafrika na vijana makovu huja kwa kasi. Madaktari hupaka dawa ya kulizuia wakati wa upasuaji. Aliyepasuliwa hivi akumbuke jambo moja hata baada ya miaka kumi: jicho hilo likiwa jekundu, likiuma au likitoa uchafu, ni hospitali siku hiyohiyo.

Ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Utafiti wa Rotterdam wa mwaka 1998 ulikuta kwamba ndugu na watoto wa wagonjwa wana hatari ya takribani mara tisa kuliko watu wa familia zisizo nao. Kwa hiyo babu aliyekufa kipofu "kwa uzee" ni habari ya kumpelekea daktari.

Kama umevuka miaka 40, au hujavuka lakini mzazi, kaka au dada yako anao, nenda hospitali yenye kitengo cha macho mwezi huu, hata kama unatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Sema waziwazi: naomba kupimwa presha ya macho na kutazamwa neva. Usikubali kuondoka na namba ya miwani pekee. Omba waandike kwenye daftari lako presha ya kila jicho na ukubwa wa kikombe, na daftari hilo ulitunze pamoja na vyeti, kwa sababu mwakani daktari atahitaji kulinganisha. Ukiambiwa unao, kabla hujafika nyumbani wapigie simu ndugu zako wote wa tumbo moja, waende nao wakapimwe.